Sabuni ya Mlangoni

Binti yangu ameleta mche wa sabuni ya mawese kutoka sokoni. Harufu yake nzito, yenye moshi kidogo, imenirudisha kwenye mlango wa kanisa letu, kando ya ziwa.

Kuhara damu kulikuwa kumeingia mtaani. Padri alikausha chombo cha jiwe cha maji ya baraka pale mlangoni, maana sote tulichovya vidole humo. Tukawa tunanyoosha mkono kwa mazoea na kugusa jiwe kavu. Alipotaka kufunga kanisa lenyewe, mama alikataa.

"Padri, Yesu wa Ekaristi hatabaki peke yake kwenye altare. Tutaingia wachache wachache kumwabudu. Mulango uniachie mimi."

Akaweka pale ndoo ya maji yaliyochemshwa na sabuni aliyoipika mwenyewe. Hakuna aliyepita bila kunawa. Padri mwenyewe alikunja mikono ya kanzu, akajisugua mpaka kwenye viwiko huku mama akimtazama.

Mchana mmoja baba alikuja kutoka dispanseri, alikolazwa mdogo wangu.

"Mutoto iko vibaya," alisema. "Twende."

Mama akanikabidhi kopo la kuchotea maji.

"Asipite mutu bila kunawa. Hata mimi nikirudi."

Alirudi jioni. Kitambaa alichokuwa akimbebea mdogo wangu kilikuwa kimekunjwa begani. Ndani watu walikuwa wanasali rozari. Nilitaka kumkumbatia, lakini alisimama mbele ya ndoo, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja.

Nikampa sabuni.