Magurudumu ya Spoki na Mbuzi wa Ntheo

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku mbuzi wangu waliporudishwa nyumbani Matinyani, wamesimama nyuma ya lori wakitazama watu kama waheshimiwa. Walikuwa mbuzi wa ntheo, wale tunaowapeleka sisi Wakamba kwa wazazi wa msichana ili kufungua mazungumzo ya ndoa. Wakipokewa, mlango umefunguka. Wakirudishwa, kijana jitafutie kwingine. Wangu walirudishwa mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, na mmoja wao alikuwa amenenepa kuliko nilivyompeleka.

Leo umeniletea simu yako nitazame picha za rimu, unaniuliza ni zipi zitaipendeza zaidi pikipiki yako ya mbio. Umesema "zitaipendeza", nami nikawakumbuka wale mbuzi papo hapo. Hebu kaa. Na mama yako asikudanganye huko jikoni kwamba hasikii. Anasikia, na hadithi hii inamhusu.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na pikipiki ya mbio, nyekundu, niliyoinunua kuukuu kwa mhandisi aliyekuwa akihama. Kitui nzima sikuona nyingine kama hiyo, na sikuwa na haya hata kidogo kuwakumbusha watu jambo hilo. Magurudumu yake yalikuwa ya alumini iliyomiminwa kipande kimoja, yenye mikono mitatu mipana ya rangi ya dhahabu. Jua likiyapiga, hata mchungaji wetu alikuwa anageuza shingo.

Wakati huo nilikuwa nampenda Mwende, mama yako, binti wa Mzee Musembi wa mji wa Wote. Babu yako huyo alikuwa ameendesha lori maisha yake yote, na kwake watu walikuwa wa aina mbili tu: wanaofika na wasiofika. Kila mwaka wafanyabiashara waliandaa mbio za pikipiki kutoka Kitui, kupitia Ikutha, mpaka Wote, na yeye hakukosa kusimama pale mwisho wa mbio, mikono nyuma, akitazama nani anaingia. Mbuzi wa ntheo nilikuwa nimekwisha kuwapeleka kwake, jibu tu ndilo lilikuwa bado. Nilijiambia kwamba akiniona nikiingia wa kwanza, maneno yote yatakuwa yamekwisha.

Barabara yenyewe ilikuwa ya udongo na changarawe, imejikunja kama mabati, na penye mito ya msimu ulipita juu ya mawe na mchanga. Kando yake ilikuwa migunga, na mgunga, unavyoujua, hauna adabu na tairi la mtu. Mwaka huo niliondoka Kitui mbele ya kila mtu. Kutangulia si kufika. Nilipokaribia Ikutha nikagonga jiwe ndani ya mto mkavu, rimu ya mbele ikapasuka, na hewa yote ikatoka kwa pumzi moja. Niliingia Ikutha nikiisukuma pikipiki, na ilikuwa siku ya soko la mifugo. Wanunuzi wa ng'ombe waliniuliza kama hiyo nyekundu ni dume au jike.

Mzee Musembi alisimama Wote mpaka jua likatua. Siku chache baadaye akapakia mbuzi kwenye lori, akawaleta mwenyewe mpaka kwa Shangazi Kalondu, dada ya baba yangu, aliyenilea tangu utotoni.

"Mama, kijana wako si mbaya," alimwambia. "Lakini hafiki. Siku akifika, tutaongea."

Niliumia, mwanangu. Sikutoka nje ya boma kwa muda, maana hata watoto walikuwa wakilia "mee" nikipita. Naye Mwende akanitumia neno kwamba ataningoja mpaka mbio za mwaka unaofuata, na baada ya hapo nisimlaumu. Mama yako hajawahi kuwa mtu wa kubembeleza.

Basi nilikuwa na mwaka mmoja na pikipiki isiyo na magurudumu ya kuaminika. Nikaenda Kitui mjini kwa Bwana Athumani, muuza vipuri ambaye wazee wake walitoka pwani. Shangazi alikuwa na vyondo, vikapu vyake vya kusuka, vya kupeleka sokoni, tukafuatana, na alipomaliza biashara yake akaingia dukani kunitazama nikichagua. Sikumwalika. Shangazi yangu hakuwa mtu wa kualikwa.

Bwana Athumani alipanga chini aina tatu. Kwanza, za kumiminwa, ndugu kabisa wa ile iliyonivunjika, na zinang'aa kuizidi. Pili, za spoki za kawaida, zenye tyubu ndani, kama za pikipiki za wapeleka mizigo. Tatu, rimu nyeusi, hazina mvuto wowote, alizokuwa ameagiza kwa ajili ya mteja aliyebadili nia. Nazo zilikuwa na spoki, lakini spoki hizo zilishikwa pembeni, kwenye ukingo wa rimu, badala ya kupenya katikati.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye dhahabu. Nikazigeuza, nikazifuta vumbi, nikajiona nikiingia Wote nazo.

"Wewe Kimanzi," Shangazi akasema, "unataka kufika ama unataka kuangaliwa?"

"Shangazi, hizi ndizo za pikipiki ya mbio."

"Hiyo barabara iko na nini?"

"Mawe."

"Na nini ingine?"

"Miiba."

"Sasa mbona unachagua ni kama hiyo barabara iko na watu peke yake?"

Bwana Athumani akacheka, akajaribu kunitetea. "Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Na mkulima akipewa jembe ya kuvunjika atalima na meno?" Shangazi alimjibu. Kisha akatoa kiondo mgongoni, akakiangusha sakafuni. Kikajikunja, kikajinyoosha. "Mwana wakwa, kiondo ikianguka inaamka. Sanduku ikianguka inapasuka. Hiyo ya kung'aa ni sanduku. Si ulishaona?"

Uchungu wa neno la kweli ni kwamba huna pa kulishikia ulirudishe. Nikauliza basi kama nichukue zile za kawaida zenye tyubu.

"Hizo zitastahimili mawe," alisema Bwana Athumani, "lakini mwiba mmoja ukidunga tyubu, safari yako imekwisha. Tazama hizi nyeusi. Spoki hazikutoboa pale panapokaa hewa, kwa hiyo tairi lake halihitaji tyubu. Mwiba ukiingia, uache mumo humo, mwanangu. Utajizibia tundu wenyewe, na hewa itatoka pole pole."

"Lakini haziko na rangi," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Mwende anaolewa na rangi?" Shangazi akauliza.

Nikachukua nyeusi. Bwana Athumani hakuniachia hivi hivi. Alipima ekseli, akaangalia kama diski ya breki itakaa mahali pake, akapima upana wa rimu na tairi, maana rimu nzuri isiyoingia kwenye pikipiki yako ni pambo la ukutani. Mwisho akanifundisha kugonga kila spoki kwa spana na kusikiliza. Iliyokazwa hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hulia kama mtu mwenye mafua. Spoki mpya zikipigwa na barabara mbovu hulegea, alisema, nisione haya kusimama nizikaze.

Mwaka ukageuka, mbio zikafika. Kijana mmoja wa Mwingi alikuja na pikipiki ya mbio kama yangu, yenye magurudumu ya dhahabu. Watu walimzunguka yeye. Zangu nyeusi walizitazama mara moja wakaondoka, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeziazima kwenye mkokoteni. Moyo uliniuma, sikufichi. Nikavaa kofia yangu ya chuma nikaenda kwenye mstari.

Nilipofika Ikutha nilikuwa wa tatu. Mbele yangu alikuwa huyo wa dhahabu na mwingine wa kutoka Machakos mwenye spoki za tyubu. Mbele za wale wale wanunuzi wa ng'ombe, nikasimama, nikatoa spana, nikaanza kugonga spoki. Walipiga kelele! "Imekufa tena! Kimanzi, leo tutakusaidia kusukuma!" Niligonga zote, mbele na nyuma. Kadhaa zililia kwa mafua. Nikazikaza. Pikipiki mbili zaidi zikanipita nikiwa nimeinama pale. Nikawasha, nikaondoka.

Mwanangu, kuanzia hapo barabara ilifanya kazi yake. Wale wawili walionipita niliwakuta wamekwama kwenye mchanga, mmoja akimsaidia mwenzake. Nilipokwisha kuvuka mto Athi nilimkuta yule wa Machakos chini ya mgunga, tyubu mikononi, akiitazama kama mtu anayesoma habari mbaya. Mbele kidogo kwenye mto wa mawe alikuwa amekaa yule wa Mwingi kando ya dhahabu yake iliyopasuka. Sikumcheka. Nilimpungia mkono, kwa sababu nilijua alichokuwa anakisikia. Kisha nikayaingia mawe yale yale. Magurudumu yakapigwa, yakanepa, yakasimama, na mimi nikapiga ukelele peke yangu kama mwendawazimu.

Niliingia Wote wa kwanza, vumbi mpaka kwenye meno. Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakanibeba juu juu. Mzee Musembi hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akaizunguka, akapiga spoki kwa ukucha, halafu akainama kwenye tairi la nyuma. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama mle, umevunjikia ndani, na tairi bado lilikuwa limesimama.

"Huu nao?" akauliza.

"Tumetoka nao mbali, mzee."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa umefika. Mwambie shangazi yako alete wale mbuzi. Lori yangu mwaka huu hairudishi kitu."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Shangazi Kalondu alikuwa amesimama kando ya uwanja pale Wote tangu asubuhi, kabla hata sisi hatujaondoka Kitui, ameshika mbuzi wote kwa kamba.

Basi, mwanangu, hizo picha zako nimeziona, na zote ni nzuri. Kabla hujachagua, niambie barabara yako ina nini. Chagua gurudumu linalojua kunepa likipigwa, linaloweza kubeba mwiba bila kusimamisha safari, na lenye kukaa sawasawa kwenye pikipiki yako, si ya jirani. Ukishalipata, simama ulikaze hata kama soko zima linacheka. Na mke, na rafiki, na kazi, wachague hivyo hivyo.

Mungu akutangulie kwenye mawe, akufuate kwenye miiba. Na popote utakapofika, umkute mtu aliyefika kabla yako, ameshika mbuzi, kwa sababu hakuwa na shaka nawe.