Kabwika Alikuwa na Baba

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokauka kwenye mchanga wa moto hunitia hasira mpaka leo. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Siyo uzee. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, hapa Uvira, ziwa mbele na milima mgongoni. Mwaka ule wa uasi shule zilifungwa nikiwa nimefika darasa la pili, na hapo ndipo nilipoishia, msinitafutie maandishi mazuri. Kazi yangu na dada yangu Feza ikawa kukaa juani tukifukuza kunguru wasile samaki wa mama. Jua lile! Linakupiga kisogoni hadi unaona weusi. Ili tusisinzie tulisimuliana hadithi, na mchezo wetu ulikuwa na sheria moja: mtu wa hadithi lazima awe na kwao. Sisi huku ukimtaja mtu, hujamaliza hata jina, watu wanataka kujua ni wa nani na katoka kijiji gani. Basi Feza akianza, "Kulikuwa na mwanaume," mimi namkatiza, "Wa nani? Wa wapi?" Akikosa jibu ameshindwa, anainuka kufukuza kunguru peke yake.

Ndivyo tulivyomzaa Kabwika. Siku hizo ndege ya vita ilikuwa ikipita juu, watu wanakimbilia kwenye mihogo, nasi tukajiuliza inajuaje tulipo. Feza akasema kuna mwanaume mlimani anayeiita kwa kioo. Wa nani? Wa wapi? Akajibu: Kabwika, mzaliwa wa Lubarika, kiboko alimvunja mguu utotoni ndiyo maana anachechemea, na kioo chake hukificha ndani ya kibuyu. Mguu na kibuyu hatukuviumba. Tuliviazima kwa mwanaume mmoja wa Rurambo aliyeshuka kila juma na kibuyu cha maziwa, akichechemea njia nzima, ambaye akitukuta alitumiminia kidogo viganjani bila kuombwa. Tulimwita Wa Maziwa. Hadithi inataka nyama, na nyama iliyokuwa karibu ilikuwa yake. Baba mdogo, yule aliyemfuata baba yetu kuzaliwa, alikuwa akija kuketi nasi akicheka, na jina la baba yake Kabwika alilitoa yeye. "Mumuite mutoto wa Mulonda," alisema. "Muntu asiye na baba, nani atamuamini?"

Alijua ni mchezo. Nasema alijua. Lakini alitaka vijana wa uasi wenye bunduki waliokaa kwenye kizuizi cha barabara wamwone mwenzao, na hakuwa na kitu cha kuwapelekea. Akawapelekea Kabwika wetu, mzima mzima, na mguu wake, na kibuyu chake, na baba yake.

Wa Maziwa akashuka siku yake, asubuhi, kama kawaida. Sisi tulikuwa hatua chache tu, kwenye samaki. "Kabwika, mutoto wa Mulonda!" mmoja wao akaita. Yeye akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Wakamnyang'anya kibuyu, wakamwaga maziwa kwenye vumbi, wakakipasua.

"Kioo iko wapi?"

"Kioo gani, baba? Minye niko na maziwa tu."

"Na muguu? Si kiboko alikuvunja?" Wakacheka.

Feza akatupa fimbo ya kunguru, akakimbia hadi katikati yao. "Si yeye! Kabwika hayuko! Ni siye tulimutunga, tukichunga ndagala!"

Mkubwa wao aliinama mpaka wakawa uso kwa uso. "Weye mutoto, kama ni uongo, juu ya nini munajua jina la baba yake?"

Feza akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amesimama palepale, mikono mgongoni. "Baba mudogo, uwaambie!"

Baba mdogo akatazama ziwa. "Hawa wanaogopa tu," akasema. "Murudie samaki zenu."

Wakamwondoa Wa Maziwa kwa njia ya Kiringye, akichechemea mbele yao. Hakurudi. Sisi tulipogeuka, kunguru walikuwa wamekula nusu ya ndagala. Mama akatuchapa, na hicho ndicho kiboko pekee kilichopigwa kwa ajili ya siku ile.

Baba mdogo alikufa mzee, kitandani, akazikwa kwa kwaya. Sikumlilia. Feza hakusimulia tena hadithi hadi naye akafa. Mimi nimesimulia maisha yangu yote, harusini na matangani, lakini watu wa hadithi zangu hawana baba wala kijiji; mkiniuliza ni wa wapi, nasema ni wa mdomoni mwangu. Sasa juzi, kwenye matanga, kijana mmoja msomi, simu mkononi, anawaeleza wenzake habari za jasusi wa wakati wa uasi: Kabwika, mwana wa Mulonda, wa Lubarika. Wanatikisa vichwa! Nikasimama, nikamwambia huyo tulimtunga sisi, mimi na dada yangu, juani. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio uliotaka kunifanya nimpige. "Pole, Bibi, ni miaka mingi. Mbona hata baba yake anajulikana?"

Nikaketi. Kabwika, ambaye hajawahi kunywa hata maji, namjua baba yake, kijiji chake na kiboko aliyemvunja. Yule aliyenimiminia maziwa viganjani simjui jina. Hatukumwuliza hata siku moja, wa nani, wa wapi. Yeye alikuwepo, tukaona inatosha.