Majina Tuliyompa Mzungu Mwandishi

Shida ya njaa ilianza mwaka wa ukame, nikiwa na miaka minane. Hadi leo nikinusa kahawa ikikaangwa, naiona ile nyumba kubwa ya mzungu mwandishi wa vitabu. Nilikwenda huko kwa miguu na bibi yangu toka kijijini kwetu Qurus, maana mzungu alitoa debe la mahindi kwa yeyote atakayemtajia majina ya mababu zake.

“Anayataka ya nini?” bibi aliguna.

Tulipofika, akamtajia majina ya ng'ombe wetu, saba. Mzungu akayaandika yote. Nilitaka kucheka, bibi akanifinya.

Njiani kurudi, debe likiwa kichwani kwa bibi, nikauliza, “Akijua je?”

“Kwani ng'ombe watamwambia? Majina ya wazee wako nakupa wewe, bure.”

Leo nina ekari sita, mashine ya kusaga, na majina kumi na manne ya wazee wangu.