Aleluya ya Mama Jelagat

Nakumbuka Alhamisi moja mwanzoni mwa Kwaresima, mwanangu, tukiwa mazoezini katika kanisa letu pale Kiamunyi. Nilikuwa bado msichana, lakini nilikuwa nimeshapewa kwaya niiongoze. Baba Jelagat akaingia na vumbi la safari mwilini. Alikuwa dereva wa lori; habari ya kifo cha mkewe ilimkuta Salgaa, pale malori yanapopumzika, akinywa chai. Mama Jelagat alikuwa mwanakwaya wetu, na Jumamosi tulikuwa tunamzika.

"Mwalimu," akaniambia, ingawa mimi ningeweza kuwa binti yake, "mama watoto mumwimbie ile Aleluya yake. Hata akisonga ugali alikuwa anaiimba. Sitaki kitu kingine."

Wewe umelelewa kanisani, unajua. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka neno hilo tunalinyamazisha. Padri anavaa zambarau, na maua yanaondolewa altareni. Lakini utamwambiaje hayo mtu aliyefiwa? Nikamtazama katekista wetu, Mzee Gitonga, aliyekuwa akipanga viti.

"Pole sana, Baba Jelagat," mzee akasema. "Hiyo hatuiimbi sasa. Tutaiimba Pasaka."

"Na Pasaka yeye atakuwa wapi?" Baba Jelagat akafoka. "Basi kaeni na sheria zenu!"

Tukamzika marehemu kwa nyimbo za Kwaresima. Mumewe hakumpa mkono mtu yeyote wa kanisa, na alituma neno kwamba kwetu hatakanyaga tena. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Wengi wetu tulikaa kando.

Mzee Gitonga alikataa kukaa kando. "Tumemwambia mtu angoje," alisema, "halafu tumwache angoje peke yake? Hiyo si Kwaresima, huo ni ukatili."

Ijumaa iliyofuata Njia ya Msalaba hatukuifanyia ndani. Alituongoza barabarani, kituo baada ya kituo, cha mwisho kikawa nje ya geti la Baba Jelagat. Hakufungua. Tukasali, tukaimba, tukaenda zetu. Ijumaa ya pili tulikuta geti liko wazi, naye amekaa mlangoni, kofia mkononi. Ya tatu alitupikia chai ya rangi, kisha akauchukua msalaba kutoka kwa Mzee Gitonga, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, akaurudisha kanisani mwenyewe. Njiani alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Asubuhi ya Pasaka alikuja Misa na binti yake, Jelagat. Nilipoanzisha Aleluya, alisimama kabla ya wote. Mwanangu, yule mtu hakujua kuimba! Alitupotezea sauti kwaya nzima. Watoto wakacheka, padri naye akatabasamu, na mimi nikaimba nikilia na kucheka kwa pamoja.

Nje alinishika mkono. "Mwalimu, siku ile mngeiimba nisingeisikia. Masikio yangu yalikuwa yamejaa udongo."

Siku hizi nasikia nyimbo za Krismasi madukani mjini kabla hata mshumaa wa kwanza wa Majilio haujawashwa. Sigombi, nami napenda shangwe, na uzee haujaniondolea. Ila nakusihi, usiyaruke majira. Kuna wakati wa majivu na wakati wa maua, na baada ya dhiki faraja. Furaha iliyongojewa hukaa. Tena usije ukamwambia mtu "subiri" kisha ukaenda nyumbani kulala. Ukimwambia asubiri, mfuate, keti naye, hata kama hataki kukuona. Subira ya mtu mmoja ni mzigo. Ya watu wengi ni ibada.

Mungu akutunze katika majira yako yote, mwanangu. Akupe koo la kuimba, na watu wa kuimba nao. Amina.