Dalali kwa Usukani

Hapana, sikumroga. Nilimcheka tu. Kuroga ni kazi, inataka mtu mwenye nguvu, na mimi na hii magoti yangu nitatoa wapi? Kucheka inatoka yenyewe. Mtu mzima, karibu miaka hamsini, mvi kwa ndevu, tumbo inatangulia kwa mlango yeye anafuata, anasimama mbele yako anasema, "Mama, mimi naenda kusoma udereva wa lori." Wewe ungefanya nini? Ungelia?

Huyo ni kijana yangu ya kwanza. Tangu aote ndevu amekuwa dalali kwa soko ya mbuzi hapa Isiolo. Na dalali wetu hawapatani bei kwa mdomo. Wanashikana mkono chini ya shuka, kidole kinaongea na kidole, na huku juu mdomo unasema habari ya mvua, mtu wa pembeni asijue kitu. Yeye ameshika vidole vya watu mpaka hawezi kukubali neno la kwanza la mtu yeyote. Daktari akisema kunywa dawa siku saba, yeye anasema tano. Siku ya harusi yake sheikh alisema ngoja nusu saa, yeye akasema dakika kumi na tano, sheikh akasema ishirini, wakaelewana. Mimi nilikuwa hapo.

Sasa, marehemu baba yake alikuwa dereva. Alituachia lori. Mzee mmoja tuliyemwandika alikuwa anatuendeshea, macho yakaisha, akarudi kwao Merti, lori ikabaki kwa uwanja yangu hapa Bulla Pesa, kuku wanataga chini yake. Akaja mwanaume mmoja kutoka Maua, mtu wa adabu, anataka kuichukua abebe viazi. Nilikuwa nishakubali kwa roho. Kijana akasikia, akaja mbio, hata salaam hakutoa vizuri.

Akaniambia, "Mama, usipee mtu hiyo lori. Baba akiingia kwa hoteli watu walikuwa wanasema dereva amefika, mpisheni kiti. Mimi nikiingia wanashika mfuko."

Hiyo ilikuwa kweli. Hata mimi nashika.

Nikamwambia sawa. Leseni ya gari ndogo alikuwa nayo tangu ujana, inakaa tu kwa sanduku kama cheti ya chanjo. Nikasema leta ya lori kabla ya Idi, lori ni yako. Usipoleta, inabeba viazi. Akataka kusema mpaka baada ya Idi. Nikamwambia mimi si mbuzi.

Basi akaenda kwa shule ya udereva. Wajua wanaanza na nini? Si lori. Ni meza. Meza imechorwa mji, barabara, mzunguko, mahali ya kusimama, na gari ndogo ya kuchezea kama ile mjukuu wangu anavuta na kamba. Wanaume watano wazima wamezunguka hiyo meza wanasukuma gari na kidole. Mimi nilipita kujionea. Mwalimu wao ni mwembamba, ana kofia, na sauti yake inatokea puani: "Sasa mzeee, umefika kwa mzungukooo, unaangalia waapi?" Kijana yangu akasema naangalia huku na huku. "Unaangalia kuliaaa, mzee. Kulia ndio mkono ya kula." Kwani baba zetu walikuwa wanaangalia wapi? Walifika Moyale bila meza.

Baadaye ikaja lori yenyewe, ya shule, kuukuu, ikipiga kelele kama ngamia anafungwa mzigo. Hapo mwalimu alibaki na neno moja. "Klachi. Klachi, mzee. Hiyo ni breki. Klachi." Na kwa hoteli kila mtu akawa mwalimu. Kulikuwa na mmoja, mkokoteni hajasukuma, anakunja miguu anaweka sauti nzito: "Lori ni kama ngamia. Ikijua unaogopa, inakaa chini." Si ikae. Wewe ungeinua?

Jioni wanawake wa ploti wanakuja kwa baraza yangu, nawaigizia wote. Nafanya mwalimu, nafanya wa hoteli, nafanya kijana yangu akitafuta gia huku ameng'ata ulimi. Wanalia kwa kicheko. Mke wake hakucheka. Anamwaga chai, anaenda. Huyo mwanamke tumekaa boma moja miaka ishirini na mbili, na neno refu nimesikia kutoka kwake ni kusema sukari imeisha.

Lakini nisiseme uongo. Siku moja nilienda nikakuta wanamfundisha kurudi nyuma katikati ya mapipa. Alirudi vile baba yake alikuwa anarudi, mkono mmoja nje ya dirisha, shingo imegeuka, polepole, pipa hata moja haikuguswa. Hiyo siku jioni wanawake walikuja nikawaambia kichwa inauma.

Mtihani ya kwanza ilikuwa ya mdomo, kwa ile meza. Nilimsindikiza, nikakaa kwa mlango. Afande wa mtihani alikuwa mtu mfupi, kimya, anaongea kama anakatia mtu nyama kwa mizani. Akauliza, lori ndani ya mji isipite mwendo gani. Hii kitu ilikuwa imeandikwa kwa ukuta wa ile shule. Hata mimi nisiyejua kusoma nilikuwa naijua, mwalimu aliiimba kila siku: hamsini, hamsini.

Kijana yangu akasema thelathini.

Afande akanyamaza, anamwangalia. Sasa kwa soko mtu akinyamaza, maana yake ongeza. Akasema thelathini na tano. Afande akainua kichwa. Kijana akasema arobaini, na hapo nimekuja mbali. Na vile nakuambia, akanyoosha mkono juu ya meza, akashika mkono wa afande, akaufunika na shuka.

"Mzee," afande akasema, "unanishikia nini?"

Akaanguka, bila shaka. Wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Alienda nyumbani akageuza uso kwa ukuta. Siku zile zote alisoma kama mtoto wa chuo, mke wake akimshikia daftari, na mara ya pili kwa meza alijibu kila kitu na mikono yake ameikalia. Afande akasema haya, twende barabara. Ilikuwa imebaki siku tatu Idi ifike. Mimi nikarudi nyumbani nikafukuza kuku chini ya lori. Nilifagia hata.

Aliyefika kwanza ni mwalimu, peke yake, kofia kwa mkono. Nikajua. Akaniambia, "Mamaaa, aliendesha vizuri sana. Vizuri sana, mama." Wamefika njia ya Gotu, mbuzi wanavuka. Kijana akasimamisha lori vile inatakiwa, akaweka breki, afande akaandika alama. Mbuzi wakavuka, wakaisha. Lori haiendi. Kumbe ameteremsha kioo, anauliza mchungaji ile nyeusi ya mwisho ni ya nani. Mchungaji akasema bei. Kijana akasema hiyo hapana. Afande akamwambia endesha. Akasema dakika moja, afande, huyu karibu anakubali. Afande akafunga kitabu, akashuka, akaenda na miguu.

Tulikuwa bado tumesimama hapo, mimi na mwalimu na mke wa kijana yangu, wakati kijana yangu alitokea kwa geti. Alikuwa anavuta mbuzi nyeusi na kamba. Jasho linamtoka, lakini uso, walahi, uso ulikuwa wa mtu amefanya biashara. Akaanza kutueleza vile yule mchungaji alikuwa mgumu, vile alimshusha kidogo kidogo, na kwamba afande alikuwa na haraka, yeye mwenyewe atarudi kwa mtihani baada ya Idi, mara ya tatu hakosi, mama ataongeza siku.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa tayari kumwigiza, sauti yake, mkono wake, mbuzi yake.

Mke wake akachukua kamba kwa mkono wake. Akapapasa mbuzi mgongo, akaangalia meno.

"Ni nzuri," akasema. "Mama, ita yule mtu wa viazi. Huyu si dereva."