Bibi Aliposema Fua

Nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, mvua ilikuwa na majina matatu. Shuleni ilikuwa mvua. Mama yangu, Mzigua wa Kwamsisi, aliiita fula. Baba alikuwa Msambaa wa Magoma, na kwao ile l wameimeza, wanasema fua. Kwa sababu ya hiyo l moja nilikaribia kufa, au niliamini hivyo, na hata leo wingu likisimama upande wa milimani mikono yangu inamtafuta mtoto kabla akili haijajua kuna nini.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa, na kila mwanamke mwenye nguvu za kubeba furushi akageuka muuza mitumba. Mama naye hivyo hivyo. Alifuata magulio huku na huku, na mimi na mdogo wangu Athumani, ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza, alituacha Magoma kwa mama yake baba. Katika mzigo wake alikuwa amemchagulia Athumani blanketi dogo jekundu, jekundu kweli kweli, laini mpaka ukiligusa unataka kulala. Nguo nyingine nzito mtoto hakuwa nayo.

Bibi hakulipenda. "Kukiwa na jua, mfunike," aliniambia. "Wingu likija, liweke chini kabisa kwenye kapu. Radi inapenda chekundu, ikikiona inakifuata."

"Na kikiwa ndani, bibi?"

"Ndani haioni. Kwani wewe unaona kilichomo tumboni mwangu, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyoniita, mke mwenza. Akinikasirikia tu ndipo nilipokuwa Mzigua.

Masika yalikuwa karibu. Joto lilikaa bondeni siku nyingi bila jani kutikisika, kuku wakalala vumbini mabawa wazi. Siku hiyo bibi alikuwa shambani, chini tu ya nyumba, nauona mgongo wake. Mimi nilikuwa barazani, Athumani amelala ndani kwenye mkeka, na blanketi alikuwa ameshalichafua. Basi ghafla ubaridi ukanipita miguuni, upepo umeshuka kutoka milimani, una harufu ya udongo uliolowa mahali pengine, na mwili wote ukanisisimka, maana baridi ile Magoma nilikuwa sijawahi kuisikia. Bibi akainuka, akatazama juu, akapiga kelele huku akinionyesha nyumba kwa jembe:

"Fua! We mtoto, fua!"

Nilimsikia vizuri sana, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Nikanung'unika, kazi zote mimi, lakini nikavuta beseni, nikatafuta kipande cha sabuni, nikalifua lile blanketi haraka haraka na kulitundika kwenye kamba. Likaning'inia katikati ya uwanja, jekundu, na nyuma yake mbingu yote nyeusi.

Bibi, aliyekuwa amebaki nyuma kukusanya mboga zake, alifika anahema.

"Umefanya nini?"

"Nimefua, bibi. Si umesema fua?"

Akanitazama, akalitazama blanketi. Hata sasa naiona sura ile, hofu na kicheko vinagombania mdomo mmoja. "Fua, mvua! Mvua inakuja, Mzigua wee! Nataka uanue, wewe ndio unaanika!"

Akaliendea, upepo ukamwahi. Ukalinyakua kambani, likapaa, likaenda kunasa juu kabisa kwenye makuti ya mnazi wa jirani, likawa linapepea huko kama limepewa kazi ya kuita. Kisha mawe ya mvua yakaanza kupiga bati.

Alinisukuma ndani, akafunika kioo cha kujitazamia kwa kanga, maana nacho huita radi. Athumani alikuwa ameamka, analia kilio chembamba, vidole vimekuwa baridi, midomo imebadilika rangi, na blanketi lake liko mnazini linaita radi. Nilijua tutakufa na nilijua aliyetuua ni nani. Bibi alifungua kanga kifuani, akamlaza mtoto ngozi kwa ngozi, akanivuta na mimi ubavuni, akatufunika wote. Alinuka moshi na jasho la shamba.

"Tulia," akasema. "Joto la hapa linatosha watu watatu."

Mwanga ulikuja pamoja na sauti yake, havikupishana hata kidogo. Nyumba ikatingishika, na nje kitu kikapasuka.

Tulipotoka, hewa ilikuwa safi, imepoa, mawe yanayeyuka kwenye majani. Mnazi ulikuwa umechanika toka kileleni, unafuka moshi. Mwenye mnazi, Mzee Shemboza, alikuwa amesimama chini yake ameshika blanketi letu, limeungua pembe moja.

"Hili ndilo limeita," akasema. "Nani kalianika?" Akanitazama mimi.

Bibi alikuwa na Athumani kifuani, amelala, amepata joto. "Limeita, ndiyo, mzee wangu. Lakini limeitia kwako. Lingekuwa ndani kwenye kapu langu ingekuwaje? Mtoto huyu kalitoa nje, upepo ukalipeleka mbali na wajukuu zangu. Mnazi nitakupa mche."

Bibi yule yule aliyesema ndani haioni! Nilifungua mdomo nimkumbushe, akanikanyaga kidole cha mguu.

Sekondari walinifundisha kwamba radi hutafuta kilicho kirefu, rangi haina neno, mnazi ule ungepigwa hata bila blanketi. Nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikapata. Na miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama siku onyo la bibi lilipotimia. Sasa nina mtoto wangu, na nikikaa naye ninamwona zaidi yule mwanamke aliyeliamini jambo maisha yake yote, akalipindua kwa pumzi moja mbele ya jirani, ili mtoto asikue akiitwa aliyeita radi. Kama mwenyewe aliliamini lile alilosema, sijui. Vyekundu aliendelea kuvificha.

Leo niko Mazingara. Joto limetukalia wiki nzima, na mchana huu upepo umegeuka. Mume wangu katoka na baiskeli, hajarudi, na binti yangu nilikuwa nimemfunga shali nyekundu ya mtumba. Mambo ya shule nayajua, jamani, nayajua. Lakini nimemfungua, shali nimeitia chini ya kapu, kioo nimekifunika, na alipoanza kutetemeka nikafungua vifungo vya gauni nikamlaza kifuani, pale pale. Akatulia. Matone ya kwanza yalipogonga bati akafumbua macho, akanitazama kama anauliza.

"Fua," nikamwambia. "Fula. Mvua." Nikamrudia majina yote matatu, polepole, asije siku moja akaambiwa aanue, yeye akaanika.