Kitambaa Chekundu cha Notburga

Wifi yangu Notburga aliisoma theluji ya kijiji chetu misimu kumi na tisa ya baridi, na sikumbuki aliyewahi kumwambia asante. Kila asubuhi alipanda mlimani na koleo, akachimba shimo mpaka aone udongo, kisha akapapasa ukuta wake tabaka kwa tabaka. Akiona hatari ya theluji kuporomoka, alifunga kitambaa chekundu kwenye msalaba wa njia panda, na hapo hata padri hapiti.

Msimu mmoja alifunga njia siku kumi. Halikuporomoka hata bonge moja la theluji. Mume wangu Serafin, ndugu yake wa tumbo moja, akamcheka mbele ya baa nzima: "Mama Marufuku! Mwakani utatufungia hata choo!" Notburga alicheka nao, lakini nilimwona akifuta macho. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimemchoka.

Januari iliyofuata nyasi kavu zikatuishia zizini. Zilizobaki zilikuwa kwenye kibanda cha juu, ng'ambo ya mteremko, na huko hushushwa kwa sleji, kitoroli cha mbao kinachoteleza juu ya theluji, kama walivyofanya baba zetu. Notburga akapita kwetu mapema, glavu zimelowa.

"Theluji ya chini kabisa imekuwa kama sukari, wifi. Inamwagika mkononi. Na juu yake upepo umelundika mita nzima. Nilipokanyaga, mlima wote uliguna."

"Umeguna kwa njaa," nikamjibu. "Kama ng'ombe wangu."

"Mwambie Serafin asubiri siku nne tu. Nakuomba."

Akaenda zake. Jua likatoka, mbingu ikatakata, na ng'ombe wanalia tangu alfajiri. Serafin alikuwa anapaka nta sleji yake.

"Kreszenz, hebu katazame msalabani," akasema. "Kitambaa kikiwepo, siendi. Dada namtania, lakini kitambaa chake sikipiti."

Kilikuwepo. Nilikitazama nikapandwa na hasira. Siku nne za nini, na mbingu safi namna hii? Nikakifungua, nikakitia mfukoni mwa aproni.

"Hakipo," nikamwambia. "Nenda, urudi kabla supu haijapoa."

Saa tano nikasikia mguno. Wala haukuwa mkubwa. Vyombo vilitikisika kidogo kabatini, na ng'ombe wote wakanyamaza.

Notburga ndiye aliyemchimbua Serafin, kwa koleo lile lile, baada ya saa mbili. Kaka yake alikuwa hana pumzi tena. Kijijini wakasema dada mtu alisahau kufunga njia, wakamwondoa kwenye kamati ya theluji ya kijiji. Hakujitetea, na mimi sikufungua mdomo. Mungu anajua ninavyojichukia.

Mpaka leo hupita kwangu asubuhi, hukaa kwenye kiti cha Serafin, na huniuliza neno lile lile.

"Wifi, nilikaza fundo kwa mikono yote miwili. Au ni upepo?"

"Labda upepo," namwambia, na kumwongezea kahawa.